Makhan Singh: muchapaji wa Nairobi mwenye hakukubali sendika ya rangi moja

Ingia katika imprimeri yoyote ya muji wetu, iwe ya mashine kubwa ao ya kompyuta moja na fotokopi mbili, utakuta mutu mwenye anajua mambo mbele ya wakaaji wengine. Invitasio ya ndoa inapita kwake kwanza. Programu ya maziko, fakture za duka, kadi za likelemba, afishe za kampeni, vyote vinapita kwake. Na kama kuna trakti yenye haikupendeza wakubwa, mara nyingi hawaanze kutafuta mwenye aliandika. Wanatafuta mwenye alichapa, juu yeye yuko na adresi na mashine yake haiwezi kukimbia.

Leo tunaeleza maisha ya muchapaji mumoja mwenye alitumia ile kazi yake kujenga sendika. Jina lake ni Makhan Singh. Alikuwa Muhindi wa Nairobi, alifungwa bila hukumu ya kosa lolote kwa miaka zaidi ya 11, na hata kule Kenya vijana wengi hawamujui. Tumemuchagua juu ya jambo moja: katika inchi yenye serikali ilipanga watu kwa rangi, kuanzia hospitali hadi mushahara, alisema kwamba wafanyakazi wakikubali kupangwa vile katika sendika pia, watapoteza wote. Hakusema tu, alifanya. Na alilipa bei.

Mutoto wa fundi wa reli

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, karibu na muji wa Gujranwala, katika Punjab. Leo upande ule ni wa Pakistani, lakini wakati ule yote ilikuwa India ya Waingereza. Tarehe 13 Aprili 1919, wakati yuko na miaka 5, askari walipiga risasi watu wenye walikusanyika Amritsar, wakaua mamia. Kesho yake ndege za Waingereza zilitupa mabomu Gujranwala kwenyewe. Hatuwezi kusema kwamba mutoto wa miaka 5 alielewa siasa. Lakini alikomaa mahali kwenye watu wazima walizungumuza juu ya mambo hayo kila siku.

Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi. Mwaka wa 1920 alikwenda Kenya kutafuta kazi, akaipata kwenye reli, ile yenye inapanda kutoka Mombasa. Reli ilikuwa imeletea Afrika Mashariki maelfu ya Wahindi: mafundi, makarani, wenye maduka. Huyu muzee hakuwa mutu wa kunyamaza, alikuwa mumoja wa wenye walijaribu kuanzisha sendika ya mafundi wa reli mwaka wa 1922, yenye haikudumu. Kisha akaacha reli, akafungua imprimeri yake Nairobi.

Mutoto alimufuata mwaka wa 1927. Akasoma shule ya serikali ya Wahindi, juu wakati ule kila rangi ilikuwa na shule yake, na mwaka wa 1931 akamaliza masomo kwa kufaulu muzuri. Alikuwa anapenda hesabu, na alikuwa anaandika mashairi katika Kipunjabi. Pesa ya kuendelea na universite haikupatikana. Akaingia kutumika katika imprimeri ya baba yake.

Hapa tusimame kidogo, juu watu wengi wanafikiri kuchapa ni kubonyeza kitufe.

Herufi moja moja

Katika miaka ya 1930, muchapaji alipanga maneno kwa mukono. Mbele yake kulikuwa sanduku kubwa lenye vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba herufi moja ya chuma laini chenye ndani yake kuna madini ya risasi. Ukitaka kuchapa neno «kazi», unachukua k, unachukua a, unachukua z, unachukua i, na unazipanga katika chombo chenye unashika kwa mukono wa kushoto. Herufi zinaangalia kinyume, sawa vile kitu katika kioo, kwa hiyo muchapaji alijifunza kusoma kinyume bila kufikiri. Mustari ukijaa, unapanga mwingine. Ukurasa ukikamilika, unaufunga kwa kamba ili usianguke, unapaka wino, unajaribu karatasi ya kwanza, unatafuta makosa. Kazi ikiisha, hautupi kitu: unarudisha kila herufi katika chumba chake, moja moja, ili ziwe tayari kwa kazi ya kesho.

Trakti moja ya ukurasa mumoja ilikula masaa mengi. Na Nairobi haikuwa muji wa lugha moja. Masikh walisoma Kipunjabi katika maandishi yao, Waislamu wa kutoka India walisoma Kiurdu, wenye maduka wengi walisoma Kigujarati. Waafrika wenye walitoka makabila mbalimbali walikutana katika Kiswahili. Serikali na mapatro walisoma Kiingereza. Kila maandishi yalitaka herufi zake, na Kiurdu mara nyingi kiliandikwa kwanza kwa mukono na mutu mwenye maandishi mazuri, kisha ndiyo kikachapwa.

Kwa hiyo mutu mwenye anajua lugha zaidi ya moja, anajua kuandika, anajua bei ya karatasi, na ana funguo ya imprimeri, huyo si mufanyakazi wa kawaida. Wafanyakazi wa Kihindi wa Nairobi waliliona jambo hilo mbele ya yeye mwenyewe.

«Indian» inaondolewa katika jina

Mwaka wa 1934 mafundi wa Kihindi walikuwa wameanzisha sendika yenye jina Indian Trade Union. Ilikuwa dhaifu. Machi 1935 wakamuomba kijana wa imprimeri awe katibu wao wa bure, bila mushahara. Alikuwa na miaka 21.

Jambo la kwanza kubwa lenye lilifanyika mwaka ule lilikuwa kubadilisha jina. Neno «Indian» likatoka. Sendika ikawa Labour Trade Union of Kenya, yenye mulango wazi kwa kila mufanyakazi, bila kuuliza rangi, dini, wala kabila. Kisha jina likapanuka tena, ikawa sendika ya Afrika Mashariki yote.

Leo inaonekana jambo jepesi. Wakati ule haikuwa hivyo. Katika Kenya ya walowezi kazi moja ilikuwa na mishahara mitatu: Muzungu juu kabisa, Muhindi katikati, Mwafrika chini sana. Mwanaume Mwafrika alipaswa kubeba kipande, karatasi ya utambulisho katika kikopo cha chuma, wengi wakikivaa shingoni, na patro aliandika ndani yake kama alimuacha vizuri ao vibaya. Fundi wa Kihindi hakuwa na kipande. Alikuwa na kitu cha kupoteza kama angejiunga na mutu wa chini yake, na mapatro walijua kumukumbusha. Muhindi akigoma, wanamutafuta Mwafrika kwa bei ya chini. Mwafrika akiomba nyongeza, wanamuambia kuna Wahindi wengi wanashuka meli kila mwezi.

Makhan Singh aliona ule muchezo na akaeleza kwa maneno mepesi katika trakti zake: hawa wawili wanashikwa na mukono mumoja. Lakini tuseme ukweli, mulango wazi si sawa na nyumba yenye imejaa. Kwa miaka ya kwanza wanachama wengi walibaki Wahindi. Ilikuwa mwaka wa 1939 ndipo Waafrika wawili wenye walijulikana katika siasa, Jesse Kariuki na George Ndegwa, wakaingia katika komite kubwa ya sendika. Miaka 4 ilipita kati ya kubadilisha jina na kuona Waafrika kwenye meza. Wenye wanaongoza sendika hapa kwetu watajitambua.

Siku 62

Sendika haiishi kwa jina. Mwaka wa 1936 wakaomba siku ya kazi iwe masaa 8, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Mapatro wengi wa Nairobi wakakubali, wengine kwa mudomo tu. Mwaka uliofuata wakaomba nyongeza ya mushahara ya asilimia 25. Hapo mapatro wa kazi za ujenzi na za mbao wakakataa.

Tarehe 1 Aprili 1937 mugomo ukaanza. Fikiria fundi mwenye analipwa kwa siku, mwenye hana akiba, anaacha kazi leo bila kujua atarudi lini. Wiki ya kwanza kila mutu ni shujaa. Wiki ya tatu mwenye nyumba anagonga mulango. Wiki ya tano bibi anauliza. Hapo ndipo karatasi inafanya kazi yenye silaha haiwezi kufanya. Trakti ilieleza mapatano yamefika wapi, patro gani amekubali na gani amekataa, mukutano ni wapi, pesa ya musaada imetumiwa namna gani. Mwenye anagoma anahitaji kujua kwamba hayuko yeye peke yake, na kwamba wakubwa wa sendika hawauzi mambo nyuma ya mugongo wake.

Ule mugomo ulidumu siku 62. Mwisho, mapatro walikubali nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, siku ya masaa 8, na kurudisha kazini wenye waligoma. Haikuwa asilimia 25. Lakini katika koloni ya walowezi, mafundi wa rangi walikuwa wamelazimisha mapatro kukaa mezani.

Serikali ilielewa somo haraka. Mwaka uleule wa 1937 ikatoa sheria ya sendika, yenye ililazimisha kila sendika kuandikishwa. Mutu anaweza kuona ni jambo jema, na kwa upande mumoja ni kweli, sendika ya Makhan Singh iliandikishwa. Lakini mwenye ana kitabu cha kuandikisha ana pia kalamu ya kufuta. Tutaiona ile kalamu mbele.

Na hapa kwetu wakati ule?

Wasomaji wetu watauliza, na ni haki. Katika Kongo ya Wabelgiji mustari wa rangi ulikuwa mukali hata zaidi. Mwaka wa 1941 wafanyakazi Wazungu wa Katanga walijipanga katika sendika yao na wakapata nyongeza. Wafanyakazi Waafrika wa Union Minière, wenye walikuwa wanachimba shaba ya vita kwa bei ya chini, hawakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika. Desemba 1941 wakagoma. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mupira wa Lubumbashi, wenye uliitwa Élisabethville, askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa niaba ya wenzake, alikufa pale pamoja na wengi. Sheria ya kuruhusu sendika za Waafrika ilikuja mwaka wa 1946 tu, na ziliwekwa pembeni, mbali na zile za Wazungu, chini ya macho ya utawala.

Wale watu wa Lubumbashi na wale wa Nairobi hawakujuana. Lakini swali lilikuwa moja: kama mwenzako wa rangi ingine anapanda bila wewe, umeshinda ao umebaki?

Kifungo cha kwanza, na kurudi

Mwaka wa 1939, kati ya Julai na Agosti, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Ni bandari ileile yenye hata leo inapitisha sehemu kubwa ya vitu vyenye vinaingia kwetu kupitia Kasindi na Mahagi. Sendika ya Makhan Singh iliunga mukono madai yao. Mwisho wa mwaka akaenda India, akafanya kazi kati ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mei 1940 Waingereza wakamukamata kule Ahmedabad, wakamufunga bila kesi kwa zaidi ya miaka miwili, kisha wakamulazimisha kubaki katika kijiji chake hadi mwaka wa 1945. Kisha akatumika kwenye gazeti la wakomunisti kule Lahore. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba ni mukomunisti, na serikali ya Kenya haikusahau.

Agosti 1947 akarudi Nairobi. Serikali haikumutaka, ikamupa karatasi ya kutoka inchini. Akakataa. Mwaka wa 1948 wakamukamata na kumupeleka mahakamani, lakini jaribio la kumufukuza halikufaulu. Akabaki, na akarudi kwenye kazi yake.

Kenya yenye alikuta ilikuwa imebadilika. Januari 1947 Mombasa yote ilikuwa imesimama katika mugomo mukubwa wa Waafrika, na kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka uleule na kupelekwa mbali. Waafrika hawakuhitaji tena mutu wa kuwaalika katika sendika. Walikuwa na zao: za madereva, za washonaji, za watengeneza viatu. Kazi sasa ilikuwa kuunganisha.

Tarehe 1 Mei 1949

Siku ya wafanyakazi ya mwaka wa 1949, sendika kadhaa, na ya wachapaji ikiwemo, zilijiunga katika East African Trade Unions Congress. Fred Kubai, Mwafrika wa sendika ya madereva, akawa prezidenti. Makhan Singh akawa katibu mukuu. Angalia mupango wenyewe: miaka 14 mbele, Muhindi alikuwa anafungua mulango kwa Mwafrika. Sasa Mwafrika ndiye anakaa kwenye kiti cha mbele, na Muhindi anashika kalamu.

Serikali ikakataa kuandikisha umoja ule. Hii ndiyo kalamu yenye tulisema.

Machi 1950 Nairobi ikapewa cheo cha muji mukubwa, city, na mutoto wa mufalme wa Uingereza akaja kwa sherehe. Umoja wa sendika ukaomba watu wasiende. Walisema: muji gani huu, wenye unafanya sherehe wakati wenye wanaujenga wanalala wengi katika chumba kimoja na mushahara hautoshi mwezi? Kwa wakubwa hiyo ilikuwa matusi.

Tarehe 23 Aprili 1950 kulikuwa mukutano mukubwa katika sale ya Kaloleni, kartieri ya Waafrika ya Nairobi. Uliitishwa na chama cha Waafrika, Kenya African Union, pamoja na kongre ya Wahindi. Makhan Singh akasimama, akaomba mukutano ukubali azimio kwamba dawa ya matatizo ni uhuru kamili wa inchi za Afrika Mashariki, na sasa. Mara nyingi siku ile inahesabiwa kuwa ya kwanza ambapo mutu aliomba uhuru kamili wa Kenya wazi, mbele ya mukutano wa watu wote. Na mwenye aliomba alikuwa mutu wa sendika.

Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikasimama.

Mugomo ulidumu siku 9 na ukafika katika miji mingine. Kwa hesabu ya kitabu chenye Makhan Singh aliandika baadaye, watu zaidi ya 100,000 walishiriki. Waliomba viongozi waachiliwe, Kibachia pamoja nao, na mushahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilitumia polisi, gesi ya machozi, magari ya vita. Ndege zikapita juu ya makartieri. Viongozi hawakuachiliwa.

Lokitaung

Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya jaji. Haikuwa kesi ya wizi wala ya fujo. Swali lilikuwa kama mutu huyu ni hatari kwa utawala. Hakujifanya mwingine: alisema yeye ni mukomunisti, na kwamba Waingereza hawana haki ya kutawala Kenya. Juni 1950 wakamupeleka Lokitaung, katika jangwa la Turkana, kaskazini kabisa, mahali pa joto kali na mawe. Baadaye Maralal, kisha Dol Dol.

Hapa lazima tueleze tofauti moja, juu watu wanaichanganya. Mufungwa mwenye amehukumiwa anajua tarehe ya kutoka. Mutu mwenye amezuiliwa kwa amri ya gavana hana tarehe. Kila mwaka unaweza kuwa wa mwisho, na kila mwaka unaweza kuwa haumalizike. Barua zake zilisomwa mbele ya kufika. Nairobi alikuwa ameacha bibi na watoto 3, na wazazi wenye walikuwa wanazeeka.

Na mulango wa kutoka ulikuwepo, hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Serikali ilikuwa tayari kumuachilia kama angekubali kwenda India na kuacha Kenya. Alikataa. Alijibu kwa kubaki: Kenya ndiyo kwake. Musomaji mumoja anaweza kusema ni kichwa kigumu, na watoto wake je? Ni swali la kweli. Sisi hatuna jibu la kumupa mutu mwenye alipaswa kulijibu mwenyewe, katika joto lile, mwaka kisha mwaka.

Mwaka wa 1953 wale wenye wanajulikana kama watu wa Kapenguria, Jomo Kenyatta, Kubai na wenzao, walihukumiwa na wakapelekwa vilevile Lokitaung. Ulimwengu ukajua jina la pale kwa sababu yao. Muchapaji alikuwa amewatangulia kwa karibu miaka 3. Kenyatta akaachiliwa Agosti 1961. Makhan Singh akatoka Oktoba 1961, wa nyuma, akiwa na miaka 47.

Hakuna kiti

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru, ule wenye aliomba katika sale ya Kaloleni. Makhan Singh hakupata kazi kubwa katika serikali mupya. Katika sendika pia mambo yalikuwa yameendelea bila yeye. Wakati yuko jangwani, Tom Mboya na kizazi kingine walijenga umoja mupya, wenye uhusiano na sendika za Marekani na Ulaya, na mutu mwenye anajiita mukomunisti hakuwa mugeni wa kupendeza. Mwaka wa 1965 serikali ikaunganisha sendika zote katika umoja mumoja, COTU, wenye ulikuwa karibu sana na wakubwa. Sisi wa Kongo tulipitia njia yenye inafanana: mwaka wa 1967 Mobutu alikusanya sendika zote katika moja, na wafanyakazi walikaa hivyo hadi mwaka wa 1990.

Wengine wangekaa na uchungu. Yeye alirudi kwenye kazi yenye alijua: karatasi. Mwaka wa 1969 kitabu chake juu ya historia ya sendika za Kenya hadi mwaka wa 1952 kikachapwa Nairobi. Ni kitabu cha ajabu kidogo kusoma. Kimejaa tarehe, maazimio, barua, majina ya komite, na mwandishi hajisifu. Mahali pengi anajitaja sawa vile anataja mutu mwingine, «katibu mukuu», na anaendelea. Alianza cha pili, chenye kinafika mwaka wa 1956. Moyo ulisimama mbele hakijachapwa: alikufa Mei 1973, akiwa na miaka 59. Muprofesa wa historia Bethwell Ogot akakitayarisha, na kikatoka mwaka wa 1980. Mwaka wa 2006 mwandishi Zarina Patel akatoa kitabu kikubwa juu ya maisha yake, na tangu hapo jina lake limeanza kurudi polepole.

Kuna jambo moja lenye kila mutu wa imprimeri atalitambua. Kazi ikimalizika, muchapaji anaweka nakala moja pembeni, kwa kama muteja atarudi. Makhan Singh alifanya hivyo maisha yake yote: trakti, barua za mapatro, barua za serikali, ripoti za mikutano, orodha za wanachama. Makaratasi yale leo yako katika maktaba ya Universite ya Nairobi, katika maboksi yenye jina lake, na mutu mwenye anataka kujua fundi wa Nairobi aliomba nini mwaka wa 1937 anaweza kuomba boksi na kusoma.